Mkuki wa Seremala

Anayekiona kwa mara ya kwanza atasema ni mkuki. Kina bapa la chuma lenye makali pande zote mbili, kina ncha, na kina shingo nyembamba inayozama ndani ya mpini mrefu wa mti. Kitundike ukutani katikati ya panga za samurai, na hakuna mgeni atakayeuliza kimefikaje pale. Lakini kishike mkononi, kigeuze taratibu, kitazame kwa ubavu, na shaka itaanza. Ncha haikunyooka. Imepinda kwenda juu, kidogo tu. Upande mmoja wa bapa una mgongo ulioinuka katikati, na upande wa pili ni tambarare au umebonyea kidogo sana. Silaha ya kuchoma inataka ncha iliyonyooka, na haihitaji tumbo na mgongo. Tena makali yaliyonolewa kwa uangalifu mkubwa kabisa ni yale ya pembeni, kana kwamba ncha ipo kwa ajili ya kumaliza umbo tu.

Ni kifaa cha seremala. Wajapani hukiita yariganna, randa ya mkuki, na ndicho kilicholainisha nguzo na mbao za majengo makubwa ya nchi hiyo kwa karne nyingi kabla ya kuingia randa tunayoijua sisi, ile ya gogo lenye wembe. Kisha kikatoweka. Hakuna mfalme aliyekipiga marufuku wala vita vilivyokifuta. Mafundi walikiweka chini, watoto wao hawakukiokota, na ilipofika karne ya 20 maseremala wa majengo Japani hawakuwa na mzee wa kuwaonyesha kinavyoshikwa. Vyuma vichache vilikuwepo. Picha zilikuwepo. Hata jina lilikuwepo. Kilichokosekana ni mkono.

Wengi wetu tukipewa kifaa cha kale tusichokijua tunakikodolea macho chenyewe: umbo, kutu, mhuri wa mhunzi. Tukishindwa tunabahatisha, na makumbusho nayo yana mchezo wake, maana kitu kikiyashinda huandikwa kwamba kilitumika katika ibada. Yariganna ilieleweka kwa njia tofauti. Jibu halikuwa kwenye chuma. Lilikuwa kwenye mbao zilizokatwa nacho miaka 1,300 iliyopita, na mtu wa kulisoma alipaswa kuwa seremala.

Mbao zenyewe ziko Ikaruga, karibu na Nara, katika hekalu la Horyuji. Hekalu hilo lilianzishwa mwaka 607 na Mwanamfalme Shotoku. Kitabu cha kale cha Nihon Shoki kinaeleza kwamba liliungua mwaka 670. Lilijengwa upya, na majengo ya baada ya moto huo, yaani ukumbi mkuu uitwao Kondo na mnara wa ghorofa tano, ndiyo majengo ya mbao makongwe kuliko yote yaliyosimama duniani hadi leo. Yamejengwa kwa hinoki, mti wa jamii ya saiprasi wenye nyuzi zilizonyooka na harufu isiyoisha. Mwaka 1934 serikali ilianza matengenezo makubwa yaliyochukua zaidi ya miaka ishirini. Majengo yalifunguliwa kipande kwa kipande, mbao zikaandikwa namba, zilizooza zikakatwa na kuungwa, kisha yote yakasimamishwa tena.

Kazi ya namna hiyo ni neema kwa mpelelezi. Nguzo iliyosimama nje hupigwa na jua na mvua mpaka ngozi yake ya kwanza inaliwa. Lakini sehemu zilizojificha chini ya paa, juu ya dari au ndani ya maungio hubaki kama fundi alivyoziacha. Walipozifungua, mafundi wa Horyuji walikutana na uso ambao randa ya kawaida haiwezi kuutengeneza. Haukuwa tambarare. Ulikuwa na mabonde madogo, marefu na ya kina kifupi, yaliyopangana mfululizo kama mtu aliyechota kwa kijiko. Ukipitisha kiganja unahisi mawimbi. Ukiangalia mwanga ukija kwa pembeni unayaona.

Miongoni mwa waliopitisha viganja vyao hapo alikuwa Nishioka Tsunekazu, aliyezaliwa mwaka 1908 katika ukoo wa maseremala wa hekalu hilohilo. Babu yake, Tsunekichi, alikuwa fundi mkuu, na ndiye aliyemlea katika kazi. Mzee huyo alikuwa na maamuzi ya ajabu. Wakati wengine walitaka kijana apelekwe shule ya ufundi, yeye alimpeleka shule ya kilimo, akiamini kwamba asiyejua udongo hawezi kuujua mti, na asiyeujua mti hana haki ya kuukata. Tukumbuke shule hiyo, kwa sababu swali la yariganna mwishowe lilikuwa swali la miti.

Nishioka alijua kwamba mawimbi yale yaliachwa na yariganna. Hilo halikuwa fumbo. Katika kitabu cha picha cha kukunjua kiitwacho Kasuga Gongen Genki, cha mwaka 1309, kuna eneo la ujenzi lililochorwa kwa umakini wa mtu aliyesimama palepale. Wapo mafundi wanaopima usawa wa ardhi kwa maji yaliyotiwa kwenye mfereji wa ubao, wapo wanaopiga mstari wa wino, wapo wanaopasua gogo kwa patasi, wapo wenye tezo, na wapo wanaokwangua mbao kwa kifaa chenye mpini mrefu na bapa dogo. Msomaji aliyewahi kupita kwenye viwanja vya kuundia majahazi, Lamu au Nungwi, asingepata shida kuwatambua wale wenye tezo. Wanaokwangua ndio wangemtatiza. Wala hatamwona hata mmoja mwenye randa ya gogo, wala wawili wanaovutana msumeno mkubwa wa kupasulia mbao.

Basi kazi ya kifaa ilijulikana. Lakini mchoraji hachori pembe ya makali wala uzito wa mkono. Hakuna picha inayoeleza kama mbao ikatwe kwa kuvutwa au kwa kusukumwa, wala nguvu itoke begani au kiunoni.

Mahali pa kwanza pa kutafuta jibu palikuwa Shosoin, ghala la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo katika hekalu la Todaiji, Nara. Mwaka 756 Malkia Komyo alitoa wakfu mali za marehemu mumewe, Mfalme Shomu, na hazina hiyo imehifadhiwa tangu hapo: vinanda, vioo, nguo, dawa, na pia vifaa vya kazi, zikiwemo yariganna ndogo. Nishioka alitengenezewa kifaa kwa kufuata mifano hiyo. Hakikukata alivyotaka. Umbo lilikuwa sawa, lakini mawimbi ya Horyuji hayakutokea.

Akarudi nyuma zaidi. Makaburi ya kale ya vilima, ambayo Wajapani waliwazikia wakubwa wao kuanzia karne ya 3 hivi, yametoa vyuma vingi vya kazi, na kati yake mna bapa za yariganna. Nyingi zimeliwa na kutu, lakini mkunjo wa ncha na mgongo wa bapa bado vinaonekana. Alizichunguza. Halafu akaligeukia suala la chuma chenyewe. Nishioka alikuwa na imani kwamba chuma cha tanuri kubwa za kisasa si sawa na kile kilichofuliwa kwa mkaa na kukunjwa mara nyingi chini ya nyundo, na ushahidi wake alikuwa akiung'oa kila siku: misumari ya Horyuji. Misumari hiyo ilikuwa imekaa ndani ya hinoki karne 13, na baada ya kung'olewa mingi ilifaa kupigiliwa tena. Hivyo akachukua misumari ya kale ya hekalu, akampelekea Mizuno Masanori, mfua panga wa mji wa Sakai, akamwomba aifue iwe yariganna.

Nimesoma watu wakilisimulia tendo hilo kama ushirikina mtamu wa fundi mzee. Mimi naliona ni akili ya kawaida. Ukitaka kujua fundi wa karne ya 7 alihisi nini mkononi, punguza tofauti zote unazoweza kuzipunguza kati yako na yeye, na tofauti ya chuma ni rahisi kuondoa kuliko tofauti ya mwili.

Tofauti ya mwili ndiyo iliyobaki, na hapo mbao za Horyuji zilikuwa mwalimu pekee. Kila bonde kwenye nguzo lina mwanzo na mwisho. Pale makali yalipoingia, ukingo ni laini. Upana wa bonde unaonyesha ni sehemu gani ya bapa iliyogusa mbao. Namna bonde moja linavyolifunika jingine inaonyesha fundi alikuwa akisogea kuelekea wapi. Nishioka alikata, akalinganisha, akabadili pembe, akakata tena. Jibu alilolifikia ni la mwili mzima. Mpini hushikwa kwa mikono miwili, kifaa kikiwa kimelala mshazari juu ya mbao. Makali ya ubavuni ndiyo yanayokata, si ncha. Fundi huinama, hukaza tumbo, na huvuta mara moja bila kusita. Akisita katikati, mbao inaonyesha.

Sasa maumbo yale ya ajabu yanapata maana. Ncha imepinda juu ili isijichimbie kwenye mbao wakati bapa linapita. Upande wa chini ni tambarare kwa sababu ndio unaoegemea kazi. Makali yako pande zote mbili ili fundi aweze kuvuta au kusukuma kufuatana na nyuzi za mti, maana nyuzi zikibadili mwelekeo randa yoyote huchana badala ya kukata. Mpini ni mrefu kwa kuwa hakuna gogo la kumsaidia. Katika randa ya kawaida, awe fundi wa Mombasa anayeisukuma mbele au Mjapani anayeivuta kuja kwake, kina cha mkato kimeshapangwa: wembe umetokeza kiasi fulani chini ya gogo na hauwezi kuzama zaidi. Yariganna haina kizuizi hicho. Unene wa kila ganda la mbao linalotoka unaamuliwa na mikono papo hapo, na likitoka vizuri hujisokota lenyewe na kuanguka miguuni likiwa pete ndefu.

Swali lililobaki ni kwa nini kifaa kilichofanya kazi hivyo kiliachwa. Jibu rahisi ni kwamba randa ya gogo ni nyepesi kujifunza na inaacha uso uliosawazika. Ni kweli, lakini ni nusu ya jibu. Nusu nyingine inaanzia msituni.

Kwa karne nyingi mafundi wa Japani hawakuwa na msumeno wa kupasulia gogo kwa urefu. Misumeno yao ilikuwa midogo, ya kukatia mbao kwa upana. Gogo lilipasuliwa kwa patasi na kabari zilizopigwa kwenye mstari mmoja hadi mti ukajiachia wenyewe. Njia hiyo inawezekana tu kwa mti wenye nyuzi zilizonyooka, kama hinoki au sugi, na mti ukipasuka hufuata nyuzi zake, haufuati kamba ya fundi. Ubao unaopatikana una vilima na mabonde. Tezo hupunguza vilima, kisha yariganna, ambayo haina gogo la kuilazimisha kunyooka, hupita juu ya yaliyobaki na kuyafuata. Kifaa kililingana na ubao, na ubao ulilingana na mti.

Hinoki kubwa zilipoanza kuadimika, mambo yote yakasogea pamoja. Katika enzi ya Muromachi, kati ya karne ya 14 na ya 16, ulienea msumeno wa fremu uitwao oga, wa kuvutwa na watu wawili, ambao asili yake ni bara la Asia. Kwa oga fundi aliweza kupasua misonobari iliyopinda na keyaki ngumu, miti ambayo kabari zingeivunjavunja. Aliweza kupata mbao nyembamba, nyingi, za unene mmoja. Uso uliopasuliwa kwa msumeno unakuwa tambarare tangu mwanzo, na kinachotakiwa baada ya hapo ni kifaa cha kuulinda utambarare huo. Randa ya gogo ikaja wakati wake hasa. Nyumba nazo zilibadilika, zikajaa milango ya kuteleza ambayo haivumilii mawimbi. Yariganna haikushindwa na randa bora. Mti wake ndio uliokwisha.

Kutoweka kwake kulikamilishwa na tabia ya vifaa vyenyewe. Kifaa kibovu hudumu, kizuri huisha. Patasi inayoshika makali hunolewa kila siku mpaka inabaki kisiki, na chuma kilichobaki humrudia mhunzi. Inayovunja moyo huachwa sandukuni na wajukuu huikuta nzima. Ndiyo sababu kampuni ya ujenzi ya Takenaka ilifungua makumbusho ya vifaa vya useremala jijini Kobe mwaka 1984, wakati mashine za umeme zilikuwa zimeshachukua nafasi ya vile vya mkono na vizuri vilikuwa vinapotea kwa kasi. Leo makumbusho hayo yana vitu zaidi ya 30,000. Utafiti uliofanywa mwaka 1943 ulikuta kwamba fundi wa kujenga nyumba kikamilifu alihitaji vifaa 179, na hata yule wa kujibana alihitaji 72. Kati ya hivyo 179, yariganna haikuwa na nafasi.

Ajabu nyingine ni kwamba baadhi ya vifaa vya kale vya Japani vilivyohifadhika vizuri viko Uholanzi. Waholanzi ndio Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara Japani kwa zaidi ya miaka 200, wakiwa wamefungiwa kwenye kisiwa kidogo cha Dejima, Nagasaki. Daktari Philipp Franz von Siebold, Mjerumani aliyekuwa katika utumishi wao kuanzia mwaka 1823 hadi 1829, alikusanya kila kitu, kuanzia mimea hadi misumeno, na mkusanyo wake uko Leiden. Vifaa vile havikutumika, hivyo havikunolewa mpaka vikaisha. Kwa anayetaka kujua patasi ya Kijapani ya wakati ule ilikuwa na urefu gani ilipotoka kwa mhunzi, Leiden ina jibu ambalo warsha za Kyoto zililisaga kwenye kinoo zamani.

Nishioka hakuishia kwenye jaribio. Horyuji yenyewe ilipata pigo tarehe 26 Januari 1949, moto ulipozuka ndani ya Kondo katikati ya matengenezo na kuharibu michoro ya ukutani ya karne nyingi. Msiba huo ndio uliochochea sheria ya mwaka 1950 ya kulinda mali za utamaduni, na tarehe hiyo sasa ni siku ya kujihadhari na moto katika majengo ya kale nchini kote. Nguzo mpya zilipohitajika, zilihitaji uso wa zamani. Baadaye, katika mnara wa Horinji uliokamilika mwaka 1975, na katika hekalu la Yakushiji alikosimamia ukumbi mkuu uliokamilika mwaka 1976 na mnara wa magharibi wa mwaka 1981, yariganna ilirudi kuwa kifaa cha kazi. Ule mnara wa magharibi ulikuwa umeungua mwaka 1528, yaani kifaa kile kilipokuwa kinaelekea machweo yake. Na lile suala la miti likarudi pia. Hinoki za ukubwa uliotakiwa hazikupatikana tena Japani, ikabidi ziagizwe kutoka Taiwan.

Maseremala wa mahekalu hutoa sababu ya kivitendo ya kuipenda. Makali yanapokata nyuzi kwa usafi, wanasema, maji ya mvua huteleza. Msasa huzirarua zikasimama kama manyoya na kunywa maji. Lakini sidhani hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Simama mbele ya nguzo ya Yakushiji na utaona mwanga hautulii mahali pamoja.

Nishioka alifariki mwaka 1995, akiwa ameshamfundisha Ogawa Mitsuo, aliyeanzisha karakana ya kulea mafundi vijana wa mahekalu. Siku hizi wapo wahunzi wanaofua yariganna kwa kuagizwa, na wapo mafundi wa ng'ambo wanaoinunua kwa ajili ya kuchongea viti na mabakuli.

Hilo linaleta tatizo jipya kwa anayepitapita kwenye gulio la hekalu la Toji, Kyoto, ambalo hufanyika tarehe 21 ya kila mwezi na ambako vyuma vikuukuu hutandazwa chini. Akiona mkuki mdogo uliopinda ncha, sasa atajua ni randa. Umri wake ndio atakaokosea. Kwa kuwa kifaa hiki kilikaa karne nne bila kutumiwa na wajenzi, chenye mpini mzima na bapa nene kina uwezekano mkubwa wa kuwa kimefuliwa baada ya Nishioka, hata kama kutu limekivaa vizuri na muuzaji anaapa kwamba kilikuwa cha babu wa babu yake. Akigeuze, atazame kama makali yamekula bapa au bado liko kama lilivyotoka kwa mhunzi, halafu ndipo waongee bei.